Majibu kwa Wasomaji: Wasifu wa Baba Uanzie Vitani au Shambani?

SWALI: Mjibu Barua, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Mbagala, mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita. Baba yetu alifariki mwezi uliopita akiwa na umri wa miaka 72, na sasa tunajiandaa kwa misa ya arobaini. Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa haraka haraka na haukuzidi mistari kumi: alizaliwa, alisoma, alijiunga na jeshi, alistaafu, ameacha mjane na watoto. Watu wengi walinung'unika, nami nikapewa jukumu la kuandika wasifu kamili utakaosomwa siku ya arobaini na kuhifadhiwa nyumbani kwa ajili ya wajukuu.

Baba alizaliwa Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero, katika familia ya wakulima wa mpunga. Mwaka 1973 alijiunga na JKT, kisha akaingia JWTZ, akaenda Vita vya Kagera na kurudi mwaka 1981. Alistaafu akiwa sajenti, akawa mlinzi wa ghala kwa miaka mingi, na hadi mwaka jana alikuwa bado analima mpunga kidogo bondeni huko Mkuranga. Habari za vita hakutusimulia. Tulichokijua ni tabia zake: alilala akiuelekea mlango, na kila usiku alituhesabu kabla ya kufunga komeo. Aprili 2009, mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka hapa Mbagala, alitulaza sote mtaroni nyuma ya nyumba, akatuhesabu, akatutoa kwa mstari hadi Kongowe kwa miguu, na njia nzima hakupandisha sauti hata mara moja.

Kaka yetu mkubwa anataka wasifu uwe wa vita, na uandikwe kwamba baba alikuwa miongoni mwa askari wa kwanza kuingia Kampala. Mama anasema, "Mimi sikuolewa na vita, andikeni aliyelea watoto." Shangazi, ambaye bado yuko Lupiro, anataka shamba litangulie. Tena yupo dada yetu aliyezaliwa Bukoba mwaka 1980, kabla baba hajamwoa mama. Baba alimsomesha na sote tunamfahamu, lakini baadhi ya ndugu hawataki atajwe. Nianzie wapi? — Binti wa Marehemu, Mbagala.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba. Nitakujibu kwa kirefu kuliko ilivyo kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu barua za namna hii zimezidi tangu watu wa rika la baba yako walipoanza kututoka.

Walionung'unika siku ya mazishi walikuwa na haki. Wasifu unaosomwa chini ya maturubai ya Dar es Salaam siku hizi umefanana mno na barua ya kuomba kazi. Baya zaidi, sehemu inayoandikwa kwa uangalifu kuliko zote huwa ni ile ya ugonjwa, ambapo tunaelezwa sukari ilipanda lini, mgonjwa alianzia hospitali ipi na kuhamishiwa ipi, na saa ngapi alikata roho, hata msikilizaji akaondoka akimjua mgonjwa wa wiki tatu asimjue mtu wa miaka sabini. Ugonjwa wa baba yako upe sentensi mbili, usizidishe.

Ukiniuliza uanzie wapi, nasema uanzie kwa shangazi yako. Vita vya Kagera, kuanzia majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 hadi majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979, vilichukua takriban miezi saba; na hata ukihesabu hadi mwaka 1981, ambapo vikosi vyetu viliondoka Uganda, hupati miaka mitatu kamili katika umri wa miaka 72. Mpunga ulikuwa naye tangu akiwa mtoto wa kutumwa kufukuza ndege shambani hadi mwaka jana alipokuwa akishuka bondeni Mkuranga na magoti yake mabovu. Mtu aliyeacha jeshi, akaacha na lindo, lakini hakuacha jembe, amekwisha kukuonyesha mwenyewe mlango wa kuingilia katika habari zake.

Mpigie shangazi, au afadhali zaidi, pandeni basi wawili mumfuate, maana mzee haulizwi mambo haya kwa simu ya dakika tano. Usimwulize "baba alikuwa mtu wa namna gani," kwa kuwa atakujibu kwamba alikuwa mtu mwema, nawe utarudi Mbagala mikono mitupu. Mwulize kuhusu dungu. Katika mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero, mpunga unapoanza kutoa mashuke, familia huhamia shambani, na watoto huketi juu ya jukwaa la miti tangu alfajiri wakiwaamia ndege kwa kombeo, kwa kelele na kwa kugonga madebe, kwa sababu kundi moja la kweleakwelea likitua na kuachwa lile, kazi ya msimu mzima huishia hapo. Usiku ni zamu ya wakubwa, kwa ajili ya nguruwe mwitu, na karibu na mto kwa ajili ya viboko. Mwulize shangazi nani alikaa dungu moja na baba yako, walikula nini huko juu, na ni mara ngapi alichapwa kwa kusinzia. Mwulize walivukaje mto kwenda Ifakara, kwa kuwa wajukuu wenu watakaolivuka Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, hawatajua kwamba babu yao alitegemea kivuko na mtumbwi, na kwamba mto ulipofura Lupiro ilibaki peke yake. Mwulize pia habari za miaka ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, kati ya 1973 na 1976, ambapo baba yako alikuwa tayari kambini: je, shamba la wazazi wake lilibaki karibu na nyumba, au alirudi likizo akakuta watu wa kwao wako kwingine?

Hapo ndipo unapopata ufunguzi. Kwa mfano: "Baba alizaliwa Lupiro mwaka 1953, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kukaa juu ya dungu na kuwaamia ndege wasile mpunga wa wazazi wake." Sentensi hiyo moja inampa kijiji, mwaka, wazazi na kazi, na msikilizaji wa kiti cha nyuma, ambaye labda naye alilelewa katika mpunga au mtama, atainua kichwa.

Nakuonya jambo moja, kwa sababu najua kishawishi chake. Utataka kuandika kwamba dungu ndilo lililomfanya askari hodari, kwamba aliyezoea kukesha akisikiliza nguruwe ndiye aliyekuja kukesha akisikiliza adui. Huenda ni kweli. Lakini kama hakulisema yeye mwenyewe, ni fikra yako na si wasifu wake. Weka dungu mahali pake na lindo mahali pake, wasikilizaji wataunganisha wenyewe kama wanataka.

Sasa nije kwa kaka yako, ambaye namwelewa kuliko anavyodhani. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Kariakoo mwaka 1978, na ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwezi Novemba, ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, tuliisikia kwa redio ya jirani tukiwa tumejazana uani kama wageni wa harusi. Kila kijana aliyeonekana amevaa magwanda alikuwa kwetu ni simba. Lakini kusema kwamba mtu alikuwa wa kwanza kuingia Kampala ni dai zito. Mutukula ilitwaliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara zikafuata mwishoni mwa Februari, Machi yakapiganwa mapigano ya Lukaya ambako Amin alisaidiwa na askari wa Libya, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Majeshi yetu hayakupita njia moja: wapo walioelekea Kampala kupitia Masaka, na wapo waliochukua upande wa magharibi kupitia Mbarara, watu waliopigana sana na ambao siku ya 11 Aprili hawakuwa karibu na Kampala kabisa. Siku ya arobaini watakuwepo wenzake. Mzee mmoja mwenye fimbo akitikisa kichwa wakati mnasoma, mtakuwa mmemwaibisha baba yenu katika jambo ambalo yeye alilinyamazia miaka zaidi ya arobaini bila kudanganya.

Fungueni sanduku lake. Tafuteni kitambulisho, hati ya kuachishwa jeshi, picha zenye maandishi nyuma, nishani kama ipo, na namba yake ya jeshi, ile inayoanza na herufi MT. Kikosi mkishakijua, mtafuteni mmoja wa wenzake. Nina hakika alikuja msibani, na huenda ndiye yule aliyesimama kando ya kaburi mgongo umenyooka kuliko wote. Atakachowaambia kiandikeni pamoja na kwamba yeye ndiye aliyewaambia: "Mwenzake wa kikosi anakumbuka kwamba..." Maneno hayo machache hayapunguzi heshima ya baba yenu. Na pale ambapo karatasi haipo wala shahidi hayupo, semeni kwamba alikwenda vitani, alirudi mwaka 1981, na hakupenda kusimulia. Hotuba ya Mwalimu msiinakili humo, kila mtu aliyeketi pale anaijua.

Hata hivyo unao ushahidi mmoja wa vita ambao hauhitaji sanduku wala mwenzake, na nashangaa kwamba umeutaja kwa kupita tu. Tarehe 29 Aprili 2009 ulikuwepo. Uliona kwa macho yako mtu mwenye umri wa miaka hamsini na sita, mlinzi wa ghala, ambaye majirani zake walikuwa wakikimbia huku na huku wamepoteana na watoto, akiwalaza watu wake mtaroni, akiwahesabu, kisha akiwatoa kwa mstari. Iandike siku hiyo yote. Nani alitangulia, nani alibebwa, mlikuwa mmevaa nini miguuni, alisema maneno gani, mlilala wapi Kongowe, na mliporudi aligusa nini kwanza ndani ya nyumba. Ukiandika ukurasa mmoja wa siku hiyo, kaka yako atapata askari anayemtaka na mama yako atapata baba wa watoto, na wote wawili watakuwa wameelezwa katika mtu mmoja aliyeshika watoto mikono barabarani.

Mama yako naye asibaki mstari mmoja wa "ameacha mjane." Kaa naye jioni mkichambua mchele. Alimpata wapi huyu mwanamume aliyerudi mwaka 1981 katika nchi ambayo Mwalimu alikuwa amewaambia watu wafunge mikanda miezi 18, na miezi hiyo ikapita na mikanda ikabaki palepale? Wakati ule sabuni, sukari na unga vilitafutwa kwa foleni katika maduka ya RTC, yaani ya serikali, na mtu kuoa ilikuwa ni mradi. Nani alikuwa mshenga? Kitenge cha harusi kilipatikanaje? Je, mama alikuja Dar es Salaam kwa treni ya Tazara kutoka Ifakara, na magunia mangapi ya mchele, na kiwanja cha Mbagala kilinunuliwa kwa fedha ya nani? Mama zetu hupenda kusema "baba yenu alijenga," wakati matofali nusu yalitokana na maandazi yao.

Kuhusu dada yenu wa Bukoba sitazunguka. Mtajeni, kwa jina lake, mahali pake kwa mpangilio wa kuzaliwa, yaani wa kwanza. Baba yenu hakumficha alipokuwa hai na alimsomesha. Mkimficha leo, mtakuwa mnasahihisha maisha ambayo mwenyewe hakuomba yasahihishwe, tena mbele ya padri. Wanaohofia mirathi waambieni kwamba wasifu si hati ya mirathi na mambo hayo yana mahali pake. Lakini kwanza mwulize mama yako faraghani, kwa adabu, usiku, si mbele ya kikao cha ukoo. Yeye ndiye mwenye haki ya kusikia jambo hili kutoka kwako kabla ya kulisikia kwa kipaza sauti. Mwulize pia dada yenu mwenyewe angependa aandikweje, na kama anayo barua yoyote ya baba. Askari wasiozungumza wakati mwingine waliandika.

Andika wasifu wa aina mbili. Ule wa kubaki nyumbani uwe mrefu upendavyo, na majina yote ya Lupiro. Ule wa kusomwa usizidi kurasa mbili, kwa sababu saa saba mchana chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, hata mwenye huzuni ya kweli huanza kutazama sufuria la pilau. Na msimpe kuusoma mtu wa kamati anayekosea jina la Lupiro. Apewe mjukuu mwenye sauti, afanye mazoezi siku tatu.

SWALI: Ndugu Mjibu Barua, marehemu babu yetu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) katika Vita vya Pili vya Dunia, akatoka shamba la tumbaku la wazazi wake huko Songea na kupelekwa Burma. Tunaandaa kumbukumbu ya ukoo. Je, jina lake laweza kupatikana katika Mnara wa Askari pale mjini? — Mjukuu, Temeke.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na afadhali umeuliza kabla hamjapiga picha pale. Sanamu ile ya shaba kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza, na haina majina ya mtu mmoja mmoja. Babu yako ni wa vita vilivyofuata. Askari wa Keya kutoka Tanganyika walipigana Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 walikuwa katika divisheni ya Afrika Mashariki iliyopita katika bonde la Kabaw huko Burma, wakati wa mvua kubwa na malaria, hadi kuufikia mto Chindwin mwezi Desemba. Kama familia inakumbuka mvua na mto katika masimulizi ya babu, huenda ni huko.

Kwa karatasi, nendeni Upanga katika ofisi za Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mkiwa na majina yake yote, pamoja na jina la baba yake na la jumbe wa kijiji wakati huo, kwa kuwa majina ya askari yaliandikwa na makarani waliosikia vibaya, na jina moja laweza kuwa na tahajia tatu. Tena ulizeni nyumbani alikuta nini aliporudi: nani alikuwa amelima tumbaku kwa miaka yote aliyokuwa hayupo? Katika koo nyingi jibu ni bibi, na bibi hatajwi.

SWALI: Mhariri, mimi mwenyewe ni mkongwe wa Kagera, nina miaka 74 na ninaishi Kigamboni ambako nina bustani ya mihogo na minazi michache. Wanangu ni watoto wazuri lakini hawaniulizi kitu. Je, si majivuno mtu kuandika habari zake mwenyewe? — Mzee, Kigamboni.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Si majivuno hata kidogo, na kama ungesoma barua ya yule binti wa Mbagala ungeona kwamba wanao nao huenda wanasubiri uanze, wakidhani ni adabu kutokukuuliza. Nunua daftari la kurasa mia, au kama mkono umechoka mwite mjukuu arekodi kwa simu yake jioni baada ya chakula, robo saa kila siku, si zaidi. Anza na kijiji na mazao yenu, vita uvifikie polepole. Ukivifikia, usijilazimishe kueleza usiyotaka kuyaeleza. Lakini wataje wenzako waliobaki huko. Kaboya, wilayani Muleba, makaburi ya mashujaa yapo na yanatunzwa, ila wapo wazazi na wajane waliopata taarifa ya kifo bila kujua kijana wao alicheka na nani wiki ya mwisho, nawe huenda ndiye mtu wa mwisho anayelijua hilo. Ukikwama kwenye jina la mtu, acha nafasi kwenye mstari uendelee mbele. Litakujia ukiwa unapalilia mihogo, nawe uwe na kalamu mfukoni.